Kumsindikiza Elie bila moshi

Ruffin alisimama mbele ya gurudumu langu kabla sijaipanga pikipiki kwenye mstari. Nyuma yake mlango wa mochari ulikuwa wazi nusu, na sanduku la Elie lilikuwa bado ndani, likiwangoja wanaume wa familia wamalize kubishana nani ashike upande gani.

"Weye utakuwa nyuma," akaniambia.

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya bote."

Nilicheka. Ndiyo maumbile yangu. Nimecheka harusini, nimecheka mahakamani, nilicheka hata siku daktari aliponiambia kwamba mguu huu wa kushoto hautanyooka tena. Lakini Ruffin hakuwa akitania. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kituo chetu, na siku ile alikuwa amevaa koti la suti juu ya jezi ya mpira, jambo ambalo siku nyingine lingenipa mzaha wa wiki nzima.

"Ruffin, Elie alikuwa rafiki yangu. Kila muntu anajua."

"Tunajua, Kalenga. Hakuna mwenye anabisha. Lakini ile kintu yako itamusindikiza na sauti gani? Hata frigo ya mama yangu inaipita."

Vijana waliokuwa karibu walicheka, tena kwa kujizuia, maana maiti ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Mzaha ulikuwa mzuri. Kama isingekuwa siku ile, ningemwomba aniachie niutumie mahali pengine.

Hapa Likasi dereva wa pikipiki ya abiria tunamwita manseba, yaani mjomba, na manseba akifa haondolewi mjini kwa kunyata. Wenzake wanafunga matawi mabichi kwenye taa za pikipiki, wanamchukua mochari, wanampitisha katika njia alizozoea kubebea watu. Yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote anakwenda mbele ya sanduku. Wakifika mlango wa makaburi, huyo anasimama, anashika breki, anafungua mafuta yote mpaka injini ipige kelele ya kupasua kifua, na wote wanamjibu. Moshi unawafunika kama blanketi, humwoni hata jirani yako. Wako watu wa mjini wanaosema ni uhuni. Waseme. Mtu aliyeishi ndani ya mngurumo, huo mngurumo ndio anaoutambua.

Na pikipiki yangu haingurumi. Ina betri. Ukiifungulia yote inatoa mluzi mwembamba, kama mtu aliyekumbuka wimbo nusu akaona aibu kuumalizia.

Nilikwenda nyuma.

*

Yote yalianza mwanzoni mwa mwaka huo, walipokuja watu wa mkoa na hema na maikrofoni. Kituo chetu kiko kando ya ukuta wa shule ya msingi, kwenye kivuli, na hapo ndipo walipotupanga tuwasikilize. Walisema serikali imetenga fungu: atakayetoa pikipiki yake kuukuu ya mafuta, atalipiwa sehemu kubwa ya bei ya pikipiki ya umeme, na kiasi kitakachobaki atalipa polepole. Ile kuukuu itatobolewa injini kwa keekee mbele ya macho ya mwenyewe, isije ikauzwa Kambove ikaendelea kutoa moshi huko.

"Na mwenyewe pia mutamutoboa?" niliuliza, na watu wakacheka, na bwana wa maikrofoni akacheka pia, kicheko cha mtu aliyelipwa ili avumilie.

Ruffin ndiye aliyeuliza swali la kweli. "Barabara haiko. Ku hôpital mugonjwa anakuya na sindano yake mukononi. Sasa banatoa makuta ya État juu ya moshi? Ile moshi iliua nani?"

Nataka nieleweke: Ruffin hakuwa mjinga. Nimelizungushazungusha swali lake kichwani tangu siku ile na bado sijapata jibu lake lote. Pesa ya serikali kwetu ni kama maji ya bomba. Yakitoka, unaweka ndoo yako, huulizi kwa nini jana hayakutoka. Lakini mtu ana haki ya kuuliza kwa nini yametokea kwenye bomba hili na si lile ambalo wagonjwa wanalingoja.

Elie aliyaangalia madirisha ya shule. Mtoto wake, Jaël, alikuwa katika darasa lililotuelekea, na kila asubuhi tulipowasha injini zetu zipate joto, mwalimu alikuja kufunga madirisha, moja baada ya jingine, hata mwezi wa kumi jua linapochoma. Watoto walibaki mle ndani wakitoka jasho. Mimi nilikuwa nimezoea kusema kwamba tunawakausha wale watoto kama samaki wa mto Lufira, na Elie alikuwa akicheka kila nilipolisema. Siku ile nililisema tena. Hakucheka.

"Kalenga," akasema, "tukatoe majina. Minye na weye."

Tulikwenda wote wawili. Ila siku ya kutobolewa, Elie alipoiona keekee ikizunguka, aliweka kiganja juu ya tangi la pikipiki yake na hakukiondoa. Baba yake alimnunulia ile pikipiki kwa malipo yake ya mwisho ya mgodini, kisha akafa. "Pita mbele," akaniambia. "Minye nitakuya na kundi ya pili." Sikumlaumu hata kidogo. Mimi yangu niliinunua kwa mlevi mmoja wa mtaa wa Panda aliyekuwa na haraka. Hakukuwa na mtu wa kumlilia. Hata hivyo chuma kilipoingia, na oili nyeusi ikaanza kutiririka kwenye saruji, nilijikuta nimegeuka kuangalia upande mwingine.

Kundi la pili halijaja mpaka leo. Pesa, wanasema, iko njiani.

Kituoni waliniita Mutoto wa Mwadingusha, kwa sababu umeme wangu unatoka kwenye lile bwawa, na unapokatika ninakaa chini ya ukuta nikiwaangalia wenzangu wakibeba abiria wangu. Hilo lilikuwa la kuchekesha, na mimi mwenyewe ndiye niliyelicheka zaidi. Ambalo halikuchekesha ni habari iliyoenea baadaye, kwamba wakipatikana watu wa kutosha kama mimi, mji utapiga marufuku pikipiki zote za mafuta. Hakuna aliyejua ilikotoka. Lakini tangu hapo, nilipofika asubuhi, mazungumzo yalipungua sauti. Elie tu ndiye aliyekuja kusimamisha yake ubavuni mwa yangu, akazima, akasema, "Hebu tusikie ndege kidogo," na hakuna ndege pale, ni kunguru tu wa kwenye jalala la soko.

Alikufa kwenye barabara ya Kapolowe, akirudi na magunia mawili ya mboga. Mbele yake lilikuwapo lori la madini, kuukuu, likipanda mlima kwa shida. Alitoka kulipita. Lori likakohoa moshi mweusi, moshi ukamfunika, na gari lililokuwa likishuka hakuliona. Waliotusimulia ni wanawake waliokuwa wakiuza makaa kando ya barabara. Pikipiki kama yangu isingemwokoa, nalijua hilo. Moshi haukuwa wake. Tulisikiliza habari ile tukiwa kituoni, wote, na hakuna aliyemkumbusha Ruffin swali lake. Alilikumbuka mwenyewe. Nilimwona.

*

Msafara ulitoka. Aliye nyuma ndiye anayekula moshi wa wote, na mimi niliula, nimefumba mdomo, macho yakiwaka. Sanduku lilikuwa juu ya pikapu katikati ya msafara, na kando yake alikaa Mama Mbombo, mama yake Elie, kitambaa kimefunika pua yake. Mkwe wake, Anne, mjane wa Elie, alimshika mgongoni. Jaël alikuwa katikati yao.

Tulipolipita soko, pikapu ilisimama. Niliona Mama Mbombo ameinama, anakohoa, mabega yote yanacheza. Kisha akashuka. Walijaribu kumzuia, akawasukuma kwa kiwiko, akaja akizipita pikipiki moja moja, mpaka kwangu mwisho wa mstari.

"Kalenga. Ile yako haina moshi?"

"Haina, mama."

"Nipeleke."

"Ku nyumba, mama?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mzito wa kuelewa. "Ku makaburi. Mbele ya mutoto wangu. Ninataka kumuimbia, na kule sipate pumuzi."

Ruffin alikuwa amefika akikimbia, koti linapepea. "Mama, pa mbele pale kuko..."

"Ruffin, minye njo nilimuzala."

Ruffin alirudi nyuma hatua moja. Akageuka, akainua mkono, na wenzake wakafungua njia katikati.

Basi nilikwenda mbele ya Elie. Sikwenda kwa sababu waliona ninastahili. Nilikwenda kama chombo cha kumbebea mama yake. Mama Mbombo alikaa nyuma yangu upande upande, kama wanavyokaa wamama wa Kasai wakienda misa, mkono mmoja begani mwangu. Pikapu ilitufuata, na mngurumo ulibaki nyuma ya pikapu. Pale tulipokuwa sisi palikuwa na upepo tu na mlio wa matairi kwenye kokoto.

Akaanza kuimba. Waluba wana namna yao ya kumwita mtu kwa majina, jina lake na la baba yake na la babu na la mto waliounywa maji, kila jina na sifa yake, mpaka marehemu awe amesimamishwa mbele yako mzima, na ukoo wote nyuma yake. Kiluba cha Kasai ninakielewa nusu. Nilisikia jina la Elie. Nilisikia la baba yake, aliyeteremka na treni kuja migodini. Nilisikia majina ya watu waliozikwa mbali sana, ambao Likasi hawakuiona kamwe. Sauti yake ilikwaruza, ikakatika, akapumzika, akaendelea kutoka palepale alipoachia.

Nimewasindikiza wenzangu wengi katika mji huu. Kila mmoja alikuwa na mama, au dada, au mke, na naapa sikuwahi kumsikia hata mmoja. Tulikuwa tukiwaona midomo inafunguka. Basi.

Kando ya barabara watu walisimama. Mwanamke mmoja muuza mikate alilishusha beseni kutoka kichwani, akalishika mbele ya tumbo lake mpaka tukapita. Na mimi, nisiseme uongo, nilianza kujisikia vizuri. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa tayari ninatafuta neno, neno moja zuri la kumpelekea Ruffin kesho yake kituoni.

Mlangoni pa makaburi Mama Mbombo alinigusa bega, nikasimama, akashuka. Pikapu ikasimama. Nyuma yake wakasimama wote, injini zinanung'unika chini chini, na hakuna aliyejua la kufanya, maana aliyetakiwa kuanza ni wa mbele, na wa mbele nilikuwa mimi. Ruffin alisogea na pikipiki yake mpaka mbele ya yule mama. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, tuache?"

Nilidhani atasema waache. Nilitaka aseme waache.

"Hapana," Mama Mbombo akasema. "Mulie. Banaume hamuna namna ingine. Minye nimesha maliza yangu."

Alimchukua Jaël kwa mkono, akamweka pembeni, upande wa upepo.

Ruffin alishika breki akafungua yote. Wakamjibu. Nimekwisha kukaa ndani ya kelele ile mara nyingi, najua kilichomo. Ardhi inatetemeka mpaka kwenye meno. Moshi unashuka, na ndani ya moshi wanaume wazima wamefungua vinywa kama watoto wachanga, kamasi zinawatoka, wanaita jina la mwenzao, na hakuna anayemsikia mwingine, na hakuna anayemwona. Ndiyo maana yake. Sikuwa nimeijua maana hiyo mpaka siku ile niliposimama nje yake.

Nami kwa mazoea nilifungua yangu, mpaka mwisho. Ikatoa kile kimluzi.

Hakuna kilichonifunika. Upepo ulikuwa ukipeleka moshi upande wa pili. Mbele yangu palikuwa na sanduku, na Anne, na mtoto wa rafiki yangu ananiangalia usoni kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuangalia. Nilitafuta neno la kuchekesha. Ninayo mengi, nimeishi nayo, yamenivusha mahali ambapo miguu isingenivusha. Siku ile sikupata hata moja. Mdomo ukafunguka wenyewe, na kilichotoka kilikuwa kibaya, kikavu, kama mlango wa bati unaoburutwa, na kila mtu aliyekuwa upande ule alikisikia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Moshi ulipoinuka, wenzangu walikuwa wanajifuta macho, kila mmoja akimwambia jirani yake kwamba ni moshi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Ruffin alizima injini. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, akatoa kitambaa kwenye koti lake, akanipa bila kuniangalia. Kilikuwa kimejaa masizi. Nikakitumia hivyo hivyo.