Unga wa Tunu

"Shikamoo," Tunu alisema, na salamu yenyewe ilimtoka kama mbegu ya limau.

"Marahaba. Fungua stoo."

Mzee Mfaume, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa ameingia uani bila hodi. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa sungusungu, na nyuma yao nusu ya mtaa wa Mtoni.

"Kuna nini, mzee?"

"Tumeambiwa una unga. Na bunduki."

Tunu alicheka. Alipoona mzee hacheki, hasira zikampanda. Asubuhi ile jirani yake Tabu alimuuliza ndani ya stoo kunavuma nini, naye akamjibu, "Napuliza unga kwa bunduki, halafu nauchoma." Basi!

Kiwandani Chang'ombe, alikofanya kazi zamani, rangi ile ya kupulizia wakubwa waliiita kwa Kiingereza. Mafundi waliiita rangi ya unga, na kwa Tunu hilo ndilo lilikuwa jina. Ni rangi kavu, laini kama sembe. Umeme wa bunduki huifanya ing'ang'anie chuma, kisha joto la joko huiyeyusha ikawa ngozi. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya aliwafukuza wote, akawagawia vyombo chakavu, eti ndio kiinua mgongo. Stashahada ya Tunu ya ufundi na jasho lake lote vikageuka bunduki ya kupulizia na ndoo ya rangi ya kijani.

"Ni rangi hiyo," Tunu alisema akifungua stoo. "Tazameni, ila msiguse. Bawaba bado sijazichoma."

Bawaba za makabati zilining'inia kwenye waya, zimevaa unga wa kijani. Zilikuwa za Kamugisha, seremala wa Chang'ombe, aliyezitaka jioni ile ile. Zikimridhisha, vyuma vyote vya karakana yake vingekuja kwa Tunu. Zisipomridhisha, stoo ingerudi kuwekwa mkaa.

Mzee Mfaume akagusa bawaba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanusa kidole. Akakilamba.

"Akilewa tumbebe!" mtu alipiga kelele uani, watu wakaangua kicheko.

Mzee akatema mate ya kijani. "Mbona hauna ladha?"

"Ulitaka nitie sukari?"

Tunu aligeuka aipulizie upya mikwaruzo ya kidole. Ndoano ya bunduki ilikuwa tupu.

"Iko wapi?"

"Mwenzangu kaiwahisha kituoni," alijibu sungusungu aliyebaki. "Silaha haikai uraiani."

"Basi binti, tumekosea," alisema mjumbe. "Yaishe."

"Hayaishi!" Tunu alizitia bawaba jokoni pamoja na alama za kidole. "Kaa hapo kwenye kigoda. Zikiiva utazibeba wewe mpaka Chang'ombe, umweleze seremala mwenyewe."

"Mie? Mjumbe mzima?"

"Beba, mzee!" umati ukapokea. "Si ulionja!"

Alizibeba.

Kamugisha alizikwaruza kwa msumari, rangi isibanduke. Akaigonga moja kwa nyundo; rangi ikashika. Kisha akafika kwenye zile tatu.

"Na hivi vidonda?"

Tunu alimtazama mjumbe.

"Kidole changu," alisema Mzee Mfaume, midomo bado ya kijani. "Nilidhani ule unga unaomaliza vijana."

Kamugisha alicheka mpaka akashika meza. Tunu hakucheka.

"Hizo tatu siwezi kumfungia mteja," seremala alisema. "Nyingine nazichukua. Kesho uje uchukue na vitasa. Ila dada, jina badilisha. Sema pauda. Unga utakufunga."

"Sibadilishi. Kuna unga wa sembe, wa muhogo, na wa rangi. Wauza sumu ndio watafute jina lao." Akamtia mjumbe zile bawaba tatu mkononi. "Hizi kafunge mlangoni kwako. Sasa twende kituoni."

"Kufanya nini tena?"

"Kesho nina vitasa, na kifaa changu mmekiweka kizuizini. Utawaambia ile bunduki ni ya unga."

"Nikisema hivyo si watanifunga mie?"

"Utawafafanulia," Tunu alisema, ameshatangulia. "Kiswahili unakijua."