Ugonjwa wa Naliaka

Khalayi alikuwa na dawa yake ya kila shida, nayo ni uongo mdogo. Palizi ikimzidi, anamzuia bintiye Naliaka nyumbani washike majembe wote wawili, halafu mwalimu akiuliza anaambiwa mtoto alikuwa na malaria. Malaria gani hiyo inayokuja na magugu tu? Lakini nani atabishana na mama mzazi!

Jumanne hiyo, mwaka wa tisini na sita, Khalayi alisimama na majirani kando ya shamba la miwa la Shikanga hapa Mayoni, rungu mkononi. Miwa huchomwa kwanza ndipo wakataji waingie. Moto ukianzia juu, sungura wanatoka mbio huku chini, na mwenye rungu anajipatia kitoweo. Shikanga alikuwa ameshawasha huko juu, na moshi ulianza kupanda.

Mwalimu Onesmus, aliyekuwa akienda sokoni kununua chaki, akashuka kwenye baiskeli.

"Mama Naliaka, mtoto anaendeleaje?"

"Si yuko kwako, mwalimu? Ametoka asubuhi na sare yake."

"Kwangu hajafika. Jana hakuja, leo hakuja. Nikasema, aa, ni yale mambo ya mama yake. Siku hizi hata hatuulizi."

Rungu likamponyoka Khalayi. Jana ni yeye aliyemzuia, wapalilie mahindi. Na asubuhi hii Naliaka alilia mlangoni, akisema waliokosa jana watachapwa mbele ya shule nzima. Yeye akamfokea, "Nenda huko! Fimbo imeua nani?" Sasa mtoto wa darasa la nne, anayeogopa fimbo huku na mkono wa mama kule, atajificha wapi? Ndani ya miwa, mpaka wenzake watoke shule. Na miwa iliyobaki njia nzima ya shule ilikuwa hii hii ya Shikanga.

"Shikanga! Zima! Mtoto wangu yumo ndani!"

Moto wa miwa unazimwa na nani, jamani? Shikanga na wanaume walivunja matawi wakaupiga pembeni, lakini upepo ulikuwa upande wa moto. Majani makavu yalialika kama bisi kwenye sufuria.

"Naliaka! Toka! Toka hapo sasa hivi!"

Moto ulizidi kusogea.

"Naliaka, njoo hapa mara moja!" mwalimu naye akaita.

Miwa ikatikisika, karibu kabisa na njia. Kisha ikatikisika mbele zaidi, na zaidi tena, kuelekea kwenye moto. Hapo Khalayi akaelewa. Mtoto alikuwa akiwakimbia wao.

Alitaka kujitosa ndani, lakini alijua fika kwamba akimfuata atamsukuma motoni kwa miguu yake mwenyewe. Akaanguka magotini pale barabarani.

"Mwalimu!" alipaza sauti, kijiji kizima kikisikia. "Huyu mtoto hakuwa mgonjwa! Hata siku moja! Ni mimi nilimzuia jana alime. Na wiki ile nyingine, na muhula uliopita. Nilikuwa nakudanganya, mwalimu! Kama ni fimbo, nichape mimi, hapa hapa!"

Mwalimu Onesmus alimtazama, kisha akageukia miwa. Akapaza sauti. "Umesikia, Naliaka? Huchapwi. Nasema mbele ya watu hawa wote, hakuna wa kukuchapa."

Moshi ulikuwa umefunika nusu ya shamba, na joto liliwarudisha wanaume nyuma. Khalayi aliita tena, safari hii polepole, kama anavyomwita kuja kula.

Miwa ikafunguka. Naliaka akatoka akikohoa, nywele zimejaa majivu, madaftari ameyabana kifuani. Hakumkimbilia mama yake. Alisimama mbali kidogo, tayari kugeuka.

"Mama," alisema, "na kesho nitakuwa mgonjwa?"

Nusu ya mahindi ya Khalayi bado ilikuwa magugu matupu, na yeye alilijua hilo hata pale alipopiga magoti.

"Kesho uko shule," alisema. "Kesho, na keshokutwa, na kila siku."

Naliaka alimgeukia mwalimu, akamwangalia usoni, aone kama yeye ameamini.