Mhojiwa wa Tatu

Donatus alitoa meza ya ofisi ya kijiji, akaiweka kibarazani, akapanga vigoda viwili, akajaza maji kwenye mtungi wa wageni. Ilikuwa Juni 1975. Kijiji kilikuwa kipya, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Samuye, na nyumba zake zilisimama mstari mmoja kama wanafunzi kwenye paredi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Salehe, mtu wa Tanga, mwanaanthropolojia aliyetumwa kuchunguza imani za Wasukuma. Kisukuma hakukijua. Donatus, katekista wa kigango, ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Mwenyekiti Bujiku alikaa kizingitini akijichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kwa kuwa kila karatasi iliyojazwa ilipaswa kugongwa muhuri wake.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mzee mpiga ngoma. Wa pili alikuwa Mama Chiku, muuza maandazi. Wa tatu alikuwa Ng'wana Ngassa, mama mzazi wa Donatus, aliyefariki Septemba iliyopita.

Alikuja na khanga aliyozikwa nayo, ina udongo pindoni. "Mwangaluka," alisema. Watu wakamwitikia. Bujiku alikunja miguu apite. Daktari Salehe alimpa shikamoo, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Bibi hakuigusa. Aliuvuta mtungi, akanywa, akapumzika, akanywa tena.

"Umri?" aliuliza Daktari.

Donatus alitafsiri. Mama yake akataka kujua kama ahesabu na miezi aliyokaa kaburini. Daktari alifikiri kidogo, akasema asihesabu.

"Dini?"

"Mwambie nilikuwa nawamwagia wakubwa waliotutangulia unga wa mtama kila alfajiri, na Jumapili nakuja kukusikiliza wewe. Sasa wakubwa hawajui tulikohamishiwa. Nimewaacha wanazunguka kule kwenye majivu."

Donatus alitafsiri neno kwa neno, na Daktari akaandika kwa furaha. Ndipo wakafika swali la kumi na nne: nani amefariki katika nyumba yako, na kwa sababu gani?

"Ni mimi," alisema Ng'wana Ngassa. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia alivyopoteza mbuzi. Siku ya kuhamishwa, nyumba ikiisha kuchomwa, walipakiwa kwenye tela la trekta juani, yeye akiwa mgonjwa. Walipita kisima cha kwanza, akaomba maji. Wakapita cha pili, akaomba tena. Bujiku, aliyekaa mbele, alisema trekta halisimami kwa ajili ya mtu mmoja. Kisima cha tatu hakukiona. "Na wewe mwanangu ulikuwa umenishika kichwa," alimalizia. "Ulinyamaza."

Njiti iliacha kutembea mdomoni mwa Bujiku. Ni Donatus aliyeandika sababu ya kifo katika daftari la kijiji, kalamu akiwa amepewa na Bujiku.

"Homa," alisema.

Daktari Salehe alimtazama. "Mbona ameeleza mengi?"

"Kisukuma ni kirefu, Daktari."

Ng'wana Ngassa aliweka mtungi chini. Ulikuwa mtupu. "Mimi nimesema maneno mengi," alimwambia mwanawe. "Wewe umesema moja."

Bujiku aligonga muhuri.

Ng'wana Ngassa hakurudi kaburini. Alimfuata Donatus nyumbani, na Euphrasia, mke wa Donatus, akamtandikia mkeka upande wa jiko. Jumapili alikaa benchi la mbele. Donatus alipoongoza watu kusali, "nangojea ufufuko wa wafu," waliokaa benchi lile walimsogelea mama yake kidogo ili wengine wapate nafasi.

Baada ya ibada, Donatus hakwenda kula. Alikwenda alikolala mgeni, akamkuta anakunja msala, akamweleza yote: tela, visima, homa.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua si homa," alisema. "Lakini nikiandika hayo, Mwenyekiti hagongi muhuri, na utafiti umekufa. Hata nikiandika, ndugu yangu, itabidi niandike kwamba mnaamini alisema hivyo."

"Hatuamini. Alisema. Ulimmiminia chai."

"Nilimmiminia. Sikatai. Ila kitabuni ni lazima liwe jambo mnaloamini."

"Na wewe ukitoka kuswali, unaandikaje?"

Daktari Salehe aliubana msala kwapani. "Hilo sikutumwa kulichunguza," alijibu kwa upole.

Kitabu kilifika baada ya miaka miwili, nakala moja, kwa anwani ya ofisi ya kijiji. Donatus alikisoma amesimama. Ukurasa wa arobaini na moja uliandikwa: *Wakazi wa eneo hili wanaamini kwamba marehemu huweza kurejea na kuzungumza na jamaa zao. Mhojiwa wa tatu, kwa mujibu wa imani hiyo, alifariki kwa homa.*

Mama yake alikuwa amemfuata, amekaa kigodani. "Wameandika?" aliuliza.

Bujiku alikuwa kizingitini, bado mwenyekiti.

"Wameandika," alisema Donatus kwa Kisukuma. "Tela, jua, visima vyote viwili."

"Na maji? Nionyeshe palipoandikwa maji."

Donatus alishika mkono wake wa baridi, akauvuta juu ya ukurasa, akakiweka kidole chake kwenye neno *homa*. Ng'wana Ngassa alilipapasa taratibu, herufi moja moja, kama anayechambua mchele. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe ni neno fupi," alisema.

Kutoka kizingitini, Bujiku aliuliza kama kitabu kimeandikwa vizuri. Donatus alisema kimeandikwa vizuri.