Kiingereza cha Mzee Cheche

Mzee Cheche alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, "Well done" na "Good job" basi, na vyote viwili vilikuwa vya uongo.

Si uongo wa ubaya. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mkali kama pilipili, lakini kumwaibisha fundi mbele ya mteja wake hakuweza. Akiona kazi mbovu na mteja kasimama pale pale, alitabasamu, akampigapiga mwenye kazi begani, akatoa Kizungu. Jirani yao seremala aliwahi kuambiwa "Good job" kwa kitanda kilichoanguka siku hiyo hiyo na bwana harusi juu yake. Mke wa mzee alizoea kusema, "Baba yenu akitoa Kizungu, ujue Kiswahili kimemshinda."

Kazi nzuri aliinung'unikia. "Rangi imechuruzika hapa." "Hapa ulikuwa unasinzia?" Binti yake, aliyeanza kushika chuma angali na sare ya shule, aliishi kwa manung'uniko hayo kama kuku anavyoishi kwa punje. Sifa aliipata mara moja tu, kwa dirisha la nondo alilochomelea peke yake. "Well done," akaambiwa mbele ya mteja, na siku hiyo kichwa kikamvimba kweli kweli. Kesho yake alilikuta dirisha lake kwenye lundo la chakavu, limekatwa vipande, na baba yake kainama anachomelea jingine. Hawakulizungumza mpaka leo.

Miaka ikapita. Moto wa kuchomelea ukamla mzee macho, akawa anaona watu kama vivuli, na binti akabaki na karakana mikononi. Mnara wa tangi la maji wa shule ya chekechea ndio ulikuwa kazi yake ya kwanza ambayo baba hakuigusa hata kwa kidole. Ulisimama kwa miguu minne ya chuma ubavuni mwa darasa, na bembea za watoto zilikuwa hatua chache kutoka hapo. Tangi lilikwisha kupandishwa juu, tupu. Kilichobaki ni maji, na maji ndiyo mzigo wenyewe. Kama kiungo kimoja kingeachia, tangi lingelala juu ya darasa. Binti alilijua hilo tangu siku ya kwanza na hakuwahi kulala vizuri tena.

Asubuhi ya kujaza maji, mzee aliomba aletwe mapema. Binti alimwacha barazani kwa mwalimu mkuu, yeye akamalizia rangi. Alipomaliza, mzee alishuka na nyundo yake ndogo kuukagua mnara kwa njia aliyobakiwa nayo: kugonga, kutega sikio, kupapasa.

Akagonga mguu wa kwanza. Chuma kikaitika. "Mbona umejaza chuma hivi, ulikuwa unalipwa kwa kilo?"

Moyo wa binti ukatulia.

Mguu wa pili. "Rangi imekupita hapa chini."

"Nitairudia, baba."

Mguu wa tatu aliguna tu. Fundi bomba, kijana asiye na subira, akaona mambo yamekwisha, akawasha pampu. Maji yakaanza kupanda. Watoto darasani walishangilia, maana walikuwa wameahidiwa kunawa kwa bomba jipya.

Kwenye mguu wa nne mzee aligonga, akaweka kiganja, akaganda. Akagonga tena. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti. Binti alimtazama mpaka jasho likaanza kumtiririka mgongoni, na maji juu yao yakizidi kuingia. Kisha mzee akageuka, akajifuta mikono, akatabasamu.

"Well done," alisema. "Well done, my daughter. I am..."

"Zima pampu!"

Hata yeye binti hakujua sauti ile ilimtoka wapi. Fundi bomba alibaki ameduwaa, ikabidi binti aende mwenyewe kuzima. "Fungua maji yatoke. Mwalimu, watoe watoto, wapite mlango wa nyuma. Wasipite huku."

"Kuna nini, fundi?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Mguu wa nne haufai."

Haufai! Maneno hayo fundi hayatamki mbele ya mteja hata akitiwa kisu shingoni, na wazazi wawili waliokuwa langoni waliyasikia barabara. Watoto walitolewa wakiwa wameshikana mikono, wengine wakilia kwa kunyimwa bomba lao. Binti hakuwatazama. Alishika brashi ya waya, akapiga magoti, akaanza kuikwangua rangi aliyoipaka jana yake kwa upendo.

Chini ya rangi, mshono ulikuwa mzima. Umelala vizuri, umebebana kama magamba ya samaki. Akaufuata kwa ukucha, akazunguka mguu wote, akapanda ngazi akakikwangua kiungo cha juu nacho. Hakuna ufa. Hakuna hata tundu la kupitisha unywele. Akagonga kwa nyundo ya baba yake, chuma kikaitika safi. Ndipo hofu ilipomzidi, kwa sababu kosa unaloliona lina dawa, lakini lile analolisikia mzee asiyeona, wewe mwenye macho mawili ukalikosa, utalitibu kwa dawa gani?

Akashuka. Akamwendea baba yake.

"Baba, ni wapi?"

"Wapi nini?"

"Usinifiche! Mimi si seremala. Wanacheza watoto hapa chini. Niaibishe mbele ya watu wote, sijali, lakini nionyeshe penye kosa."

Mzee alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, tabasamu limemfia usoni, mikono haijui iende wapi. "Nani kasema pana kosa?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nimekusifu."

"Kwa Kiingereza, baba!"

Mzee alielewa. Binti aliona jinsi jambo lile lilivyomwingia, taratibu, mpaka mabega yakashuka, na hapo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu mkuu ndiye aliyesema, tena kwa hasira. "Tangu asubuhi yuko kwangu barazani. Kaniuliza, watu waliosoma humwambiaje mtoto aliyefaulu? Nikamfundisha. 'I am proud of you.' Tumeirudia mpaka watoto darasani wameishika."

"Mwalimu, basi," mzee alisema.

"Na pale kwenye mguu wa nne?" binti aliuliza. "Mbona ulisimama sana?"

"Maneno yalinitoka kichwani. Nilikuwa nayakumbuka." Mzee alipapasa mguu wa mnara, akakuta chuma kitupu palipokuwa na rangi. "Kwa Kiswahili nimejaribu. Nimejaribu miaka. Kinanikaba hapa." Akagusa koo lake.

Fundi bomba alijifanya anakaza kitu kilichokwisha kukazwa. Binti alitaka kuomba radhi, akatafuta pa kuanzia, asipapate. Naye alikuwa mtoto wa baba yake.

Mzee akaelekea darasani kwa kupapasa ukuta. Alirudi na kiti cha mtoto, kile kidogo chekundu cha chekechea, akakiweka katikati ya miguu minne, chini kabisa ya tangi, akaketi. Magoti yalimfika kifuani.

"Fungua maji," alisema.

"Baba, toka hapo kwanza."

"Kwani pana kosa?"

Binti alitazama mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitazama wa nne, uliokwanguliwa na kubaki uchi. Alipitisha akilini kila mshono, kila fimbo ya kuchomelea aliyoichoma, kila mahali alipowahi kuchoka na akajilazimisha kurudia. Mwalimu mkuu alikuwa akimtazama, na wazazi langoni pia.

"Hakuna," alisema.

"Sikusikia."

"Hakuna kosa, baba."

"Basi fungua maji. Na huu mguu uurudishie rangi, utashika kutu."

Binti akaenda mwenyewe kwenye pampu, akaiwasha. Kisha akarudi, akainama, akaingia chini ya tangi, akaketi chini kando ya kile kiti. Wakayasikiliza maji yakijaa.