Stoo ya Madam Tabby

Winfred alipopunguzwa kazi mjini Embu mwaka 1994, alianza biashara ya kusafisha na kupanga nyumba za watu. Mteja wake wa kwanza alikuwa Tabby, aliyekuwa mkubwa wake ofisini.

Tabby alimfuata kila chumba, amemnunia. Winfred alipomaliza kupanga stoo, Tabby alimwambia, “Fungua kikapu nione umebeba nini.”

Winfred alikifungua. Mlikuwa na matambara na sabuni tu.

“Basi umeficha kwingine.”

“Sawa, Madam.”

Winfred alirudi stoo, akashusha vitu vyote kutoka kwenye rafu, akavirundika sakafuni kama alivyovikuta. Kisha akaondoka akichemka kwa hasira, Tabby akimfokea nyuma. Kesho yake alibisha kwa jirani wa Tabby, akaomba kazi.