Saa Iliyotangulia Dakika Kumi na Moja

Mpiga pasi alipoweka saa ya marehemu baba yake mezani, fundi hakuishika mara moja. Alinawa mikono, akaikausha, akabana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia.

"Karibu, binti yangu. Inaumwa nini?"

"Shikamoo, mzee. Inakimbia. Kila siku ya kazi inatangulia dakika kumi na moja. Jumapili imetulia tuli. Msimamizi amenionya mara mbili kwamba naacha pasi kabla ya muda. Mara ya tatu, nafukuzwa."

"Na sura yake?"

"Usiiguse. Mikwaruzo yote hiyo ni ya baba."

Fundi alifurahi, maana wateja wengi hutaka saa za marehemu zing'arishwe hadi marehemu mwenyewe asizitambue. Alifungua kifuniko cha nyuma. Ndani, mafundi watatu wa zamani walikuwa wamechora kwa ncha ya sindano tarehe walizoihudumia, kama wafanyavyo mafundi wa saa. Chini ya kila tarehe waliandika: haina kosa.

"Wavivu watatu," alisema fundi.

Akaisafisha jino kwa jino. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi; akayatoa, akatia mapya. Springi aliiacha ileile. Uso uliofifia aliurudisha bila hata kuupuliza vumbi. Siku sita saa ilikaa mezani pake bila kukosea hata sekunde. Siku ya saba binti alienda nayo kazini, na jioni akarudi akisema imetangulia dakika kumi na moja.

Jambo hilo lilimkera fundi. Kesho yake alifunga duka, akabeba kiti chake hadi kwenye uzio wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, alikofanya kazi binti. Kupitia dirishani aliiona saa kubwa ya ukutani. Ilipofika saa nane mchana, mshale wake ulisimama. Mashine ziliendelea kuzunguka, pasi ziliendelea kutoa mvuke, na watu wakakunja mashuka kwa dakika kumi na moja ambazo hazikuwapo. Kisha mshale ukaendelea na safari yake.

Msimamizi alikuwa dirishani akinywa chai.

"Saa yenu inasimama," fundi alimwambia.

"Kila siku, na kila asubuhi tunaisogeza mbele," alijibu msimamizi. "Ndiyo saa ya kiwanda hiyo."

King'ora kilipolia, wafanyakazi walitoka bega kwa bega. Binti alipita getini saa kumi kamili. Wenzake waliokuwa wamembana kushoto na kulia walipita saa kumi na dakika kumi na moja. Fundi alitazama saa yake mwenyewe mara zote mbili.

"Kumbe!" alisema binti alipoelezwa. "Baba naye alifanya kazi hapahapa. Alikuwa akifika nyumbani kabla ya jirani yetu, na walitoka pamoja. Mama alidhani anakimbia njiani. Dakika hizo alikuwa ananisuka nywele. Vibaya, lakini alisuka."

"Sasa mwanangu, nikiirekebisha, itakuwa saa ya kiwanda iliyovaa sura ya baba yako. Unasemaje?"

Binti alikumbuka maonyo mawili. "Na kazi yangu?"

"Ifiche ndani ya mkono wa gauni. Acha pasi king'ora kikilia, si kabla. Saa utaitazama ukishafika nje."

Alifanya hivyo, na onyo la tatu halikuja.

Baada ya wiki mbili mwenzake wa pasi ya jirani akamuuliza, "We dada, mbona unatupotea pale getini kama sabuni?"

"Nishike mkono, mama."

Akamshika, wakatoka saa kumi kamili. Kesho yake mwingine akaushika mkono wa huyo mama. Mwezi ulipoisha walikuwa thelathini na wawili, na aliyeachia ili ajikune pua alitoka na dakika zake pungufu, akajilaumu mwenyewe.

Waliandika barua kuomba saa ya ukutani itengenezwe. Ofisi ilijibu kwamba saa hiyo imekaguliwa na inafanya kazi kama inavyotakiwa. Waliisoma barua kwa pamoja, wakaikunja kama shuka, pembe kwa pembe. King'ora kilipolia, wakashikana mikono.