Namba Nne za Mwisho

Siku zile ukikutana na Bi Kahaso wa Kakuyuni, hata salamu hamjazimaliza, anakuuliza namba nne za mwisho za simu yako. Si kwamba anataka kukupigia. Alikuwa na kamusi yake ya Kiebrania, libuku zito alilolinunua kwa muuza mitumba mmoja mjini Malindi, na ndani yake kila neno la Maandiko limepewa namba. Wewe unataja namba, yeye analowesha kidole, anafunua, anakusomea neno lako. Wenye bahati zao walipata amani, wakapata mkate. Bwana mmoja alipata punda, akahama kanisa.

Nisimsengenye, maana mama yule elimu alikuwa nayo. Darasa lake la akina mama la kila Jumatano pale kanisani lilijaa hadi barazani. Ni yeye aliyewaonyesha kuwa arobaini yetu na zile arba'imu za Musa mlimani ni neno moja. Ni yeye aliyewafundisha kuwa saba ni sheba, na kwamba sheba hiyohiyo imefungamana na kiapo, ndiyo maana Abrahamu alipoapa pale kisimani alitenga kondoo saba. Siku hiyo hata mchungaji alitoa kalamu akaandika. Balaa lilianza alipotazama ukurasa wa kwanza wa kamusi akakuta neno namba moja ni Baba.

"Mnaona, jamani?" aliwauliza akina mama, sauti inamtetemeka. "Moja ni Baba! Namba hii kaiweka nani kama si Mwenyewe Mungu?"

Nani angembishia? Tangu hapo ikawa ni simu na kamusi, kamusi na simu.

Basi Jimmy, mwanawe wa pekee, dereva wa tuktuk pale Malindi, akampata Pola binti Gona. Msichana mtulivu, mchapakazi, ana cherehani yake na wateja wake. Bi Kahaso alimpenda. Alimtia darasani, akamkalisha mbele. Jumatano ya pili akamwomba namba ya simu amuingize kwenye kundi la akina mama, na mkono, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye kamusi. Sita, tisa, moja, tatu. Akafunua. Keber. Kaburi.

Mtu mwingine angecheka akafunga kitabu. Lakini Bi Kahaso alishazika mume, akazika na watoto wawili waliomtangulia Jimmy, na neno lile lilimpiga kifuani. Palepale mbele ya darasa zima akasema, "Binti, nisamehe. Kaburi haliingii nyumbani kwangu tena." Pola akakunja leso yake, akatoka. Jimmy alipoambiwa aachane naye, aliinamisha kichwa akasema sawa, mama.

Miezi mitatu ikapita. Habari zikaja kuwa Kiponda wa Tezo, mwenye mikorosho, amepeleka posa kwa Mzee Gona, na Jumamosi mchana watu wake wataleta kadzama, ule mnazi wa posa, pombe ambayo wazee hawaigusi mpaka msichana mwenyewe aseme inywewe. Akishasema, imekwisha. Bi Kahaso alisikia akajifanya hakusikia. Anayetaka kaburi na alioe, alijisemea. Ila Jimmy alikuwa halali vizuri, hali vizuri, na mama anajua mwanawe anavyokula.

Asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo alikwenda Malindi na kamusi kwapani. Mgongo wa kitabu ulikuwa umekatika kwa kufunuliwafunuliwa. Akaipeleka kwa Mzee Mbaruk, ambaye kazi yake, kama ya baba yake na babu yake, ni kujalidi misahafu na vitabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Huyu maskini mmemfanya nini?" Akaigeuza kamusi, akaipuliza vumbi. Alipokuwa akipaka gundi aliuliza, "Na hizi namba ni za nini?"

Bi Kahaso alifurahi kuulizwa. Akakaa vizuri kwenye kigoda, akaeleza kwa kituo, akamalizia na lile la Baba.

Mzee Mbaruk akaiweka brashi chini. "Namba moja ni nani, umesema?"

"Baba. Kwa Kiebrania, ab."

"Ab!" Mzee akacheka, wala si kwa ubaya. "Mama, hata kwetu kwenye chuo cha Kurani ndivyo. Alifu, be. Ukiunga herufi ya kwanza na ya pili unapata nini? Ab. Baba atakosaje kuwa mwanzo? Huyu bwana mtunga kamusi kapanga maneno kwa herufi, halafu akayahesabu moja, mbili, tatu, ili mtafutaji asipotee. Ni kama namba za milango."

"Si kweli."

"Haya, nitajie jingine."

"Kaburi. Sita tisa moja tatu."

"Na kwao linaitwaje?"

"Keber."

"Ndiyo hilohilo qabri, ndilo kaburi letu. Linaanza na qafu. Qafu iko wapi ukihesabu kutoka alifu? Huko karibu na mwisho. Ndiyo maana namba yake kubwa." Akarudisha kurasa hadi mbele kabisa, kwenye herufi ndogondogo kama sisimizi. "Utangulizi umeusoma?"

Hakuwa ameusoma. Miaka mitatu! Nani husoma utangulizi? Akausoma sasa, amesimama, kidole kinafuata mstari, na Kiingereza chake cha shule kilitosha kabisa. Mtungaji mwenyewe ameandika bila kificho: namba hizi nimezitia mimi, kwa urahisi wa kutafuta, wala hazina maana nyingine yoyote.

"Mulungu wangu!" Bi Kahaso akakaa chini, na kigoda hakikuwepo hapo. Mzee Mbaruk akaruka kumshika. Hakuwaza yule wa punda, hakuwaza mchungaji. Alimwona Pola anakunja leso mbele ya wanawake thelathini. "Nimemwita mtoto wa watu kaburi," alisema. "Kwa namba ya mlango!"

Akatazama saa. Saa tano na nusu. Akampigia Jimmy simu, na tuktuk ikafika gundi haijakauka.

Njia nzima alikuwa akisema. Alimweleza Jimmy kila kitu, alifu na be, qafu na utangulizi, akilia na kujipiga paja. "Tutawahi, mwanangu! Nitampigia magoti mbele ya watu, si kitu. Maji hayajamwagika yote." Alitarajia mtoto aruke, apige ukelele, hata amtukane, angalau leo angekuwa na haki. Jimmy alishika usukani akasema tu, "Jishikilie, mama, kuna shimo." Mama akadhani ni huzuni imemziba mdomo.

Walipofika kwa Mzee Gona, wazee wameshakaa mikekani, vibuyu viko katikati, na Kiponda ameketi na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Nusu ya akina mama waliokuwepo ni wa darasa la Jumatano. Pola alisimama mbele ya babake.

"Mwanangu," Mzee Gona alikuwa akiuliza, "huu mnazi unaujua ni wa nini. Tunywe, tusinywe?"

"Msinywe!" Bi Kahaso akapiga kelele tangu uani, kiatu kimoja kimebaki kwenye tuktuk. "Gona, ndugu yangu, nakuomba, msinywe kwanza!"

Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya msichana. Akasema yote, hakubakisha neno. Kwamba amekosa. Kwamba namba zile si za Mungu, ni za mtu aliyekuwa anapanga kamusi. Kwamba amewadanganya wote bila kujua, na aliyemuumiza zaidi ni Pola. "Mwanangu anakupenda. Kizuizi nilikuwa mimi, na mimi nimejiondoa. Nisamehe."

Kiponda alitazama vidole vyake. Mzee Gona akakohoa. "Umesikia, Pola. Neno ni lako."

Pola aliinama akamshika mkono. "Inuka, mama, mchanga una moto. Mimi nimekusamehe zamani." Kisha akasema kwa sauti ileile ya upole, "Utangulizi ule niliusoma Jumatano ya kwanza, uliponiachia kamusi ukaenda kunywa maji."

Wanawake wakashika vinywa. Bi Kahaso hakuinuka. "Ulijua? Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Lakini mimi msichana wa kuja kuolewa, nitamsahihishaje mamangu mkwe mbele ya darasa lake? Siku ileile uliyonifukuza niliomba kamusi, uliyokuwa umeiacha mezani, kwa mama mwenye zamu ya kufunga kanisa, nikaupiga picha ule ukurasa, nikamtumia mwanao. Nikamwambia yeye ndiye wa kukueleza, taratibu, mkiwa wawili."

Kila mtu akageuka. Jimmy alikuwa amesimama kando ya tuktuk, ufunguo mkononi.

"Jimmy?" Bi Kahaso aliita. Sauti haikuwa yake. "Alikutumia?"

"Alinitumia."

"Lini?"

"Siku hiyohiyo." Akageuza ufunguo kiganjani. "Ungeaibika, mama. Kanisa zima lingekucheka. Nikaona afadhali..."

"Afadhali mimi niitwe kaburi," Pola alimmalizia. Hakuna hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililotisha. "Nilimngoja mwezi mzima. Kama ningeachwa na namba, mama, leo ningerudi nawe. Niliachwa na Jimmy." Akamgeukia babake. "Baba, kunyweni."

Kibuyu kikafunguliwa. Vigelegele vikapigwa, na walioanza ni akina mama wa darasa la Jumatano.

Bi Kahaso akajikokota hadi kwenye tuktuk. Akamtazama mwanawe usoni, huyu aliyemzaa, aliyemlisha, aliyemfundisha kuitika sawa mama, akamwona kama mtu wa njiani.

"Miezi mitatu, Jimmy," alisema. "Miezi mitatu mtoto wa watu anabeba jina lile, na wewe unajua. Kwa nini hukunibishia?"

Jimmy aliinamisha kichwa. Hajawahi kumbishia mamake tangu azaliwe.